Nilishusha Bei, Wateja Wakavuka Barabara

Siku ninayoikumbuka kuliko nyingine zote za ujana wangu, mwanangu, ilikuwa siku ya mnada hapa Ihanja, na vumbi la ng'ombe lilikuwa limeshaingia kwenye karatasi zangu hata kabla sijafagia. Nilikuwa na kibanda cha steshenari kando ya barabara kuu. Nilichapa barua, nilitoa kopi, nilitengeneza kadi za harusi na mitihani ya shule. Nilikuwa na miaka thelathini na kidogo, darasa la saba langu na kozi ya taipu niliyosoma Singida mjini, nikajiona nimefika. Asubuhi hiyo nilibandika mlangoni karatasi yenye herufi kubwa: BEI NUSU. Kabla jua halijasimama utosini, baba yangu mdogo akaniuliza swali ambalo nikilikumbuka mpaka leo natabasamu peke yangu.

Nayaandika haya kwa sababu juzi binti wa mdogo wangu, anayeuza kompyuta mjini, alinipigia simu. Ana kompyuta zimekaa dukani, zina mfumo ambao watu hawautaki. "Mama mkubwa," akaniuliza, "nikizishusha bei si zitatoka?" Nilimwambia anipe siku mbili. Mimi si mtaalamu, na huenda nitakayoyasema yamepitwa na wakati. Lakini kosa hilo nilishalifanya, na aliyeanguka shimoni anaweza walau kusema shimo liko wapi.

Mfumo endeshi, kwa asiyeujua, ni ile programu mama inayoamka kwanza ukiwasha kompyuta. Programu nyingine zote hukaa juu yake kama chungu kinavyokaa juu ya mafiga. Mimi nilianza na kompyuta moja nzee yenye mfumo wa zamani. Ilipiga kelele kama mashine ya kukoboa, lakini kazi ilitoka. Kisha ukaja mfumo mpya. Watu wakausema vibaya, kompyuta zake zikalala madukani, bei ikapunguzwa. Mfanyabiashara mmoja wa mjini akaniambia, "Dada Magreth, watu hawazipendi hizi, ndiyo maana zimeshuka. Ukitaka chukua mbili." Nikaiuza ile nzee kwa Athumani, jirani yangu mwenye kibanda kama changu ng'ambo ya barabara, nikarudi na mbili mpya zinazong'aa. Simlaumu yule mfanyabiashara. Hakunidanganya hata kidogo. Aliniambia maneno mawili, kwamba hazipendwi na kwamba zimeshuka, na mimi nikasikia moja.

Niseme haki, mwanangu. Mfumo ule ulikuwa na uzuri wake. Herufi zake zilionekana vizuri, na virusi vya kwenye flashi havikuupata ovyo kama ule wa zamani. Na wengi waliousema vibaya hawakuwahi hata kuugusa. Lakini ulichelewa kuamka. Printa yangu haikuelewana nao. Kila ukitaka kufanya jambo ulikuuliza kama una uhakika, ukijibu ndiyo unakuuliza tena, kama mkwe asiyeamini kwamba umeshiba. Na kazi iliyoandikwa kwenye mfumo wa zamani ukiifungua humo, majedwali yalihama.

Wateja wakaanza kuvuka barabara. Mimi nikashusha bei ya ukurasa. Unajua watu wetu, kuku mmoja wanaweza kupatana bei mpaka kuku mwenyewe akasinzia. Nikadhani anayebishania bei shida yake ni bei. Wakapungua tena, nikashusha tena.

Jumatatu ya wiki ile alikuja Mwalimu Ntandu, aliyekuwa akiniletea mitihani ya shule zote za kata yetu kila muhula. Kazi hiyo ndiyo iliyokiweka hai kibanda changu. Nikiikosa, nilijua narudi kulima uwele kwa wazazi, si kwamba kulima ni aibu, ila nilikuwa nimeshaaga kwa mbwembwe.

"Dada," akasema, "muhula uliopita jedwali la Hisabati lilitoka limepinda. Watoto wakajibu swali ambalo halikuwepo. Ijumaa naleta mtihani mwingine. Usipokaa sawa, nami nitavuka."

"Mwalimu, nitakuchapia kwa nusu bei."

Akanitazama kidogo. "Sikusema ni ghali."

Mwenye macho haambiwi tazama, lakini mimi ilibidi niambiwe. Nikaenda kuandika ile karatasi ya BEI NUSU, niibandike siku ya mnada.

Basi Jumatano, siku ya mnada, baba mdogo akaingia. Alikuwa mtu wa mizinga, ametoka Rungwa na madumu ya asali ya kuuza. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, akakaa kwenye benchi langu akingoja jua la mnada lipungue. Alitazama tu mlango, kama wanavyotazama watu wa nyuki.

Akaja mkulima mmoja na makubaliano ya kuuziana shamba, ameyaandika kwa mkono, anataka yachapwe. Akasoma ile karatasi mlangoni, na bado akataka nipunguze.

"Kaka, hiyo ni nusu tayari."

"Nusu ya wageni. Sisi wenyeji je?"

Tukacheka, tukapatana. Nikawasha kompyuta. Ikaamka taratibu. Ikaniuliza kama nina uhakika. Printa ikatoa ukurasa wa kwanza, jina la muuzaji limekatika katikati. Nikarudia. Nje kondakta akaanza kuita wa kwenda Singida. Mkulima akasimama, akachukua karatasi yake ya mkono.

"Dada, ungenifanyia hata bure, gari haliningoji." Akavuka kwa Athumani. Baada ya muda mfupi nikamwona anatoka huko anapunga karatasi mbili, anakimbilia basi.

Baba mdogo akajikohoza. "Huyu alikataa bei yako?"

"Hapana, baba. Tulipatana."

"Kwa hiyo bei imemleta mpaka ndani."

"Ndiyo."

"Sasa nani amemfukuza?"

Nikauokota ukurasa wenye jina lililokatika. Yeye akaendelea taratibu, kama anazungumza na dumu lake la asali. "Mzinga ukiupaka nta mlangoni, nyuki wanakuja, hata wa jirani wanakuja. Wakikuta siafu ndani, wanatoka siku hiyohiyo. Mpumbavu anaongeza nta. Mwenye mizinga anapanda juu, anafungua, anachungulia."

"Na asipokuta siafu?" nikamuuliza kwa ubishi, maana nilikuwa nimeumia.

"Basi nyuki hawajauzoea tu. Huo usiuvunje, upe muda."

"Baba, nyuki hawana basi la kuwahi."

Akacheka mpaka akashika ubavu. "Una siafu ndani, na bado unanitania."

Jioni yake nilifanya jambo gumu kuliko kushusha bei. Nilivuka barabara mimi mwenyewe nikawauliza waliokuwa wamepanga foleni kwa Athumani kwa nini wameniacha. Athumani aliniona, akasema kwa sauti ya watu wote, "Karibu dada, umekuja kuisalimia kompyuta yako?" Watu wakacheka, nami nikacheka, ingawa kicheko changu kilikuwa cha meno tu. Wakanijibu. Huyu alisema unachelewesha. Yule alisema kazi yake ilitoka imehama. Mama mmoja alisema amesikia kompyuta zangu zinakula karatasi, nilipomuuliza nani kamwambia, hakujua. Hakuna hata mmoja aliyetaja bei. Usiku ule niliandika kwenye daftari langu, ninalo mpaka leo: "Nilikuwa nawapunguzia kitu ambacho hawakukilalamikia."

Alhamisi nikafunga kibanda, nikaibeba kompyuta moja imeviringishwa kwenye blanketi mpaka kwa fundi mjini. Akauondoa mfumo mpya, akaweka ule wa zamani, akaifundisha kuelewana na printa. Kabla ya kulala nikaibandua karatasi ya mlangoni.

Ijumaa Mwalimu Ntandu akaja. Nikachapa mtihani. Akatoa rula mfukoni, mwanangu, akapima mistari ya jedwali mmoja baada ya mwingine, nami nimeshikilia ukingo wa meza. Akaikunja rula yake ya kukunja.

"Bei gani?"

"Ya zamani, mwalimu."

"Ile ya kabla ya nusu?"

"Ileile."

Akalipa bila kupatana. Na mwalimu yule alikuwa anapatana bei hata ya nyanya moja.

Sasa nisije nikaonekana nimeshinda kesi. Ile kompyuta ya pili niliiacha na mfumo wake mpya. Ustadhi wa madrasa, aliyevutwa kibandani na tangazo langu la nusu, aliupenda kwa sababu macho yake yalikuwa yamechoka na herufi zake zilikuwa kubwa na safi. Hakuwa na printa, hakuwa na basi la kuwahi. Nikamuuzia kwa bei ya chini, akaitumia miaka mingi akinishukuru kila tukionana. Kwa huyo, bei ilifanya kazi yake sawasawa. Wazee husema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Naiheshimu methali hiyo, ila mimi nimeona kizuri kilichokosa kujulikana, na kingine kilichokuwa kizuri kwa mtu mmoja na kibaya kwa mwingine. Na mfumo uliofuata baada ya ule, ulioondolewa kasoro nyingi, watu waliupokea bila kubembelezwa kwa bei.

Kwa hiyo nimempigia binti wa mdogo wangu, na nawe nakuambia hivyohivyo. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Kabla hujashusha bei, chukua moja nyumbani, fanyia kazi zako zote kwa wiki nzima, uone utakasirika wapi. Kisha waulize waliokuacha, hata wakikucheka. Kasoro ikiwa ndani, itengeneze, au mwambie mnunuzi ukweli na umtafute yule ambaye kasoro hiyo haimgusi. Ikiwa ni uvumi na ugeni tu, hapo punguza bei kidogo watu waingie, uwaelekeze kwa subira. Bei humfikisha mtu mlangoni. Kukaa, anakaa kwa ajili ya alichokikuta ndani. Mambo mengi ya dunia yako hivyo, hata ndoa, ingawa hilo tuliache, baba yenu anasoma haya.

Mungu akupe masikio ya kusikia neno la pili, siyo lile moja tu unalolipenda. Mzinga wako usiingie siafu, na wakiingia, uwe na miguu ya kupanda na moyo wa kufungua. Wateja wako wavuke barabara wakija kwako. Na siku utakayobandika karatasi mlangoni, mwanangu, iwe ni ya kusema leo tumefunga, tuko harusini.