Basi Lililoonekana Kutoka Ngomeni

Jumamosi iliyopita, sokoni Skärholmen, hapa Sweden, nilimwona mwanamke akijaza pilipili hoho nyekundu kwenye gunia, nikajua ni Mserbia kabla hajafungua mdomo, maana wao hununua gunia zima la kuchoma. Nilimsalimu kwa maneno machache ya kwao niliyobaki nayo. Alicheka, akaniuliza nimeyatoa wapi.

Nikwambie, rafiki yangu, niliyatoa kwa jirani yetu wa Akalla, mtaa tulioishi huku Sweden. Nilikuwa na miaka tisa, mwaka mmoja tu tangu nifike kutoka Bukavu. Mama alikuwa ametangulia Sweden, akaniacha kwa shangazi akisema nitamfuata upesi. Hiyo upesi ikawa miaka. Basi kiangazi kile, mama alipopata zamu katika nyumba ya wazee na jirani akajitolea kwenda nami kwao Serbia, mimi nilielewa jambo moja: naachwa tena.

"Nikipata likizo nakuja kukuchukua," mama alisema.

Mji wao ulikuwa mdogo. Ulikuwa na mto, soko, kanisa la kale lenye watakatifu waliochorwa ukutani, na ngome iliyobomoka juu ya kilima. Jirani alinipeleka hata kwenye chemchemi ya maji moto, ambako watoto walinizunguka wakishika misuko yangu. Sikufurahia chochote. Kila asubuhi nilitoroka, naye jirani alinikuta nimekaa kituo cha basi nikimngoja mama.

Aliyefaulu kunituliza ni mama yake jirani, bibi mnene mwenye kitambaa kichwani. Hatukuwa na lugha moja. Siku moja alikuwa uani akichoma hoho, moshi mtamu umejaa mtaa mzima. Aliziacha jikoni, akanishika mkono, tukapanda ngomeni, jirani akitufuata huku akimgombeza mama yake kwa kupanda na moyo mgonjwa. Bibi alihema, akapumzika, akapanda tena. Kule juu barabara yote ilionekana, ikipinda kando ya mto. Alisema kitu, jirani akanitafsiria kwa Kiswidi:

"Anasema kule kituoni unaliona basi likishafika. Hapa utaliona likiwa bado linakuja."

Tangu hapo tulipanda kila siku. Bibi alibeba mkate na jibini, nami nikaanza kula. Wale watoto walioshika misuko yangu wakatufuata, tukawa tunashindana nani ataliona basi kwanza.

Alasiri moja basi lilisimama darajani, akashuka mtu mwenye kitenge cha njano. Nilipiga kelele mpaka bibi akaziba masikio, kisha nikateremka mbio.

"Si nilikwambia nakuja?" mama alisema, akinifuta vumbi usoni.

"Uliniambia."

Bibi hayupo tena. Jirani alirudi kwao, na mlango wake pale Akalla una jina la wengine. Magoti ya mama yamechoka. Mimi sasa nina binti anayenijibu kwa Kiswidi hata nikimwita kula. Asubuhi nikimfikisha shuleni namwambia nitakuja kumchukua, naye hukimbilia wenzake, hata hageuki kunitazama, anajua nitakuja.