Video ya Kuanua Matanga

Hebu mtazame anavyoingia msibani. Hapigi hodi kwa sauti wala hatafuti kiti. Anavua viatu nje ya turubai ingawa hakuna aliyemwambia, anavisogeza pembeni asije akajikwaa mtu aliyebeba sufuria, kisha anawapita akina mama waliokaa mikekani akiwa ameinama, shikamoo kwa huyu, pole kwa yule, mkoba wa kamera ameukumbatia kifuani. Mfukoni ana kofia, maana Mbagala unaweza kuzika Mkristo asubuhi na Muislamu alasiri. Ukija kugeuka tena, kamera imeshasimama kwenye kona ambayo haimzibi mtu. Huyo ndiye Benedikto, mtu wa Masasi, mpiga video.

Harusi pia alipiga, lakini watu walimjua kwa misiba. Harusini mpiga video anataka aonekane. Msibani anatakiwa asiwepo, na Benedikto alijua sana kutokuwepo. Mkewe, Rosalia, alikuwa akimtania mbele ya wageni: "Mume wangu wateja wake hawalalamikagi. Umeshasikia marehemu kasema hakutoka vizuri?"

Kazi yenyewe ina heshima yake. Mtoto yuko Muscat hakupewa ruhusa, kaka yuko Mwanza nauli imemshinda, na wote hao watataka siku moja waone walivyomzika mzee wao. Mtu anaweza kukaa miaka, halafu akatokea mlangoni: "Kaka Bene, ile ya mama bado unayo?" Benedikto alikuwa nayo. Wenzake walimkabidhi mteja fulashi yake, wakafuta, wakaenda zao. Yeye alitunza, na sifa hiyo ndiyo iliyomletea kazi kuliko bango lolote.

Mwanzoni alitunza kwenye hadi diski, vile visanduku vya kuhifadhia mafaili, zimejaa kabati zima. Baadaye, kwa kuangalia video za mafundi mtandaoni, akajifunza kitu kipya. Alinunua kompyuta iliyotolewa kwenye ofisi fulani, akaiweka chini ya meza, akaiita seva, akaipandishia programu ya maktaba. Unaitupia video, inazipanga kwa tarehe, inazijua sura za watu. Ukiandika jina la marehemu, anakuja na ndugu zake wote.

Programu hiyo hukaa ndani ya kontena. Usiogope neno. Chukulia ni chumba ambacho unaweza kukibomoa na kukisimamisha kingine kipya muda ule ule. Programu ikichakaa hufanyi ukarabati, unabomoa tu na kujenga upya. Sharti lake ni moja: mali yako isilale mle ndani. Unatoboa mlango wa kwenda stoo iliyo nje, na kila kinachoingia chumbani kinapitishwa stoo. Chumba kikivunjwa, stoo inabaki. Milango hiyo huandikwa kwa mistari kwenye faili la maelekezo, na Benedikto alitakiwa aandike mitatu: mmoja wa kumbukumbu za programu, yaani majina na tarehe; mmoja wa zile picha ndogo zinazoonekana kabla hujabonyeza; na mmoja wa video zenyewe. Aliandika miwili. Ule wa video ulimpita.

Hakuna kilichomshtua. Video zilicheza vizuri, kwa kuwa kontena halikulalamika, lilizilaza humo humo ndani yake. Umeme ulikatika na kurudi, video zikawepo. Kila alfajiri bakapu, programu ya kutunza nakala za akiba, ilinakili kilichokuwa stoo na kumtumia ujumbe kwenye simu: nakala imekamilika. Alizoea kuusoma kabla ya kunywa chai, na moyo ukatulia. Basi zile hadi diski za kabatini, ambazo video zake alikwishazihamishia maktaba, akazifuta azitumie kwa kazi mpya. Kuirudisha ile bakapu mahali, hata kwa majaribio tu, aone inaleta nini, hakuwahi.

Ndipo akaja Demetria, mama Blessing, wa Chamazi.

"Hodi kaka Bene."

"Karibu mama Blessing. Habari za tangu siku ile?"

"Tunayasukuma. Ile video ya kuanua matanga ya baba Blessing, unayo?"

"Ninayo."

Alikaa kwenye kiti cha wateja kama mtu aliyetua ndoo. Umeme haukuwepo tangu asubuhi, kwa hiyo seva ilikuwa kimya chini ya meza, nao wakaongea mlango ukiwa wazi. Mumewe, Jonas, alikuwa kazini machimboni wakati kile kiwanja kinanunuliwa. Alituma hela kwa kaka yake, Apolinari, na karatasi za mauziano zikaandikwa jina la Apolinari. Ndugu ni ndugu, nani angeuliza? Nyumba ikajengwa, wakahamia, Blessing akakulia humo. Jonas alipofariki, siku ya kuanua matanga ukoo ukakaa kikao cha peke yake chini ya turubai. Majirani waliombwa wasubiri nje. Benedikto peke yake ndiye aliyebakizwa, maana Apolinari mwenyewe alitaka kikao kirekodiwe ili ndugu wa Bukoba wakione. Apolinari akasimama na kipaza sauti, akaizungumzia nyumba.

"Sasa anaiuza," Demetria alisema. "Ameshaleta watu wanapima na kamba. Wanapita jikoni kwangu mie nasonga ugali, hata shikamoo hawanipi."

"Shemeji Apolinari? Si ndiye alisimama pale akasema?"

"Ndiye. Alisema nyumba ni ya mama Blessing na mtoto. Leo anasema mie nilikuwa na majonzi, nimesikia ninachotaka. Nimekwenda kwa wifi mkubwa, akaniambia, mama Blessing, yule ndiye atakayenizika, nisimame naye baraza la ardhi nikimpinga?" Akainamia vidole vyake. "Fulashi uliyompa anasema ilipotea kabla haijafika Bukoba. Kwa hiyo shahidi wangu ni hiyo kamera yako."

Benedikto akamwambia aje Jumamosi, atakuta nakala tayari.

Umeme uliporudi, kitu cha kwanza alichotaka ni kumfanyia kazi nzuri. Programu ilikuwa imekuwa nzito, video zinakwama kwama, na juu ya kioo kulikuwa na tangazo la toleo jipya ambalo alikuwa akiliahirisha. Hakutaka video ya mama Blessing ikwame mbele ya baraza. Akalibomoa kontena, akasimamisha jipya.

Maktaba ikafunguka. Majina yote yapo, tarehe zipo, picha ndogo zimejipanga. Akambonyeza Jonas. Faili halipatikani. Akabonyeza harusi ya juzi. Faili halipatikani. Hata hapo hakuogopa, bakapu si ipo? Akairudisha, ikajaza, ikaandika kwamba imekamilika. Akabonyeza tena. Ndipo akalifungua folda la bakapu lenyewe, kwa mara ya kwanza, akatazama uzito wake. Maktaba ya miaka yote ile ilikuwa nyepesi kuliko harusi moja.

Aliibeba seva ikiwa imefungwa kwenye shuka hadi Segerea, kwa Najma, fundi wa kompyuta aliyemwamini. Najma alilisoma lile faili la maelekezo, akamgeuzia Benedikto kioo.

"Kaka, mlango wa video uko wapi?"

Benedikto akasoma. Akasoma tena.

"Uliwahi kujaribu kuirudisha hii bakapu?"

"Ilikuwa inaniambia imekamilika."

"Na kweli ilikamilika. Imenakili kila ulichoionyesha." Najma hakusema kwa ukali. Aliibakiza mashine kwake siku kadhaa, akafukua alichoweza. Vilipatikana vipande vya harusi visivyocheza. Kontena lilipobomolewa diski ilihesabu pale pako wazi, na jipya likajengewa juu yake. Alikataa malipo, na kukataa kwake kulimuumiza Benedikto kuliko bei yoyote.

Jumamosi Demetria alikuja amevaa kitenge cha kwenda kanisani. Benedikto alimwonyesha kilichobaki: picha ndogo ya Apolinari amesimama chini ya turubai, kipaza sauti mdomoni, mkono mmoja umeinyooshea nyumba.

"Mbona hasemi?"

Akamweleza. Alichukua muda, maana kila sentensi ilimrudisha kwenye ule mstari aliousahau. Demetria hakulia. Aliendelea kuitazama ile picha.

"Lakini wewe ulisikia. Ulivaa yale madude masikioni."

"Nilisikia."

"Alisemaje?"

"Alisema nyumba ni ya mama Blessing na mtoto."

"Basi tunaye mtu," alisema.

Baada ya wiki akarudi na wazo lingine. Akaweka simu mezani. "Voice za shemeji ninazo humu, tele. Blessing ananiambia siku hizi kompyuta inaweza kuichukua sauti ya mtu ikaisemesha. Picha unayo. Maneno unayajua. Yatie mdomoni mwake."

"Mama Blessing, huo si utakuwa uongo?"

"Uongo uko wapi? Maneno ni yake, mdomo ni wake. Kilichopotea ni sauti tu, na aliyeipoteza ni wewe."

Benedikto alizipokea zile sauti. Mchana mmoja alijifungia ofisini, akatafuta programu ya kazi hiyo, ikamfungulia kiboksi cha kuandika maneno ambayo Apolinari ayaseme. Akaandika, nyumba hii. Akasimama. Alijaribu kukisikia kile kikao tena, na alichokisikia kwanza ni waya. Waya wa kipaza sauti ulianza kukwaruza pale pale Apolinari alipoinua mkono, na Benedikto akainama kuushika. Alisikia nyumba. Alisikia mama Blessing. Je, Apolinari alisema nyumba ni ya mama Blessing, au alisema mama Blessing atakaa humo? Kwa wiki zote hizo alikuwa na hakika, na hakika ile, sasa alipoitafuta ilikotoka, ilitoka kwa Demetria mwenyewe, siku ile umeme haupo.

Akafunga programu. Alimwambia Demetria kwamba kazi ile haiwezi, lakini atasimama barazani. Kuhusu waya hakumwambia.

Rosalia ndiye aliyeambiwa, jikoni, anachambua dagaa.

"Mwambie, Bene."

"Nikimwambia atabaki na nini?"

"Atabaki na muda wa kutafuta mtu mwingine."

"Hakuna mwingine. Wote ni wa ukoo."

"Hujui. Wewe ulikuwa unaangalia kamera." Rosalia akapepeta dagaa. "Wewe unaogopa uso wake tu."

Ilikuwa kweli, na bado hakumwambia Demetria.

Siku ya baraza Apolinari alimsalimia kwa furaha kabisa. "Braza Bene, mbona umepungua? Au harusi zimepungua?" Alikuwa mtu mchangamfu, hana sura ya ubaya, amevaa suti aliyoivaa msibani. Ilipofika zamu ya shahidi, mwenyekiti wa baraza, mama wa makamo mwenye miwani, aliitazama ile picha kwenye kompyuta mpakato.

"Hapa anasema nini?"

"Anazungumzia nyumba, mheshimiwa."

Apolinari akaomba kuuliza swali. "Shahidi, ulikuwa na video ngapi za watu kwenye hiyo mashine?"

"Nyingi."

"Ziko wapi?"

"Zimepotea."

"Mheshimiwa, mimi sina ugomvi naye, ni kijana mzuri. Ila nashangaa. Kompyuta yake imesahau, kichwa chake kimekumbuka." Watu wawili watatu kwenye mabenchi wakacheka.

Mwenyekiti hakucheka. Akashika kalamu. "Shahidi, nisikilize vizuri, maana hapa ndipo shauri lilipo. Alisema nyumba ni ya huyu mama, au alisema huyu mama atakaa kwenye nyumba?"

Demetria alikuwa amekaa mbele, Blessing pembeni yake. Hakuonyesha wasiwasi wowote. Alikuwa akimtazama Benedikto kama unavyomtazama mtu aliyekuja kukupokea stendi.

"Nilisikia nyumba, na nilisikia mama Blessing," Benedikto alisema. "Hapo katikati waya ulikwaruza. Siwezi kuapa."

Kalamu ikaandika. Demetria hakuinua sauti. Alisema tu, kwa upole, kama anayemkumbusha mtoto somo, "Kaka Bene. Uliniambia."

Uamuzi ulipotoka ulifuata karatasi zenye jina. Nyumba iliuzwa, na mnunuzi akaanza kwa kuvunja jiko la nje. Demetria na mwanawe wamepanga chumba Kongowe. Kuna watu walimwambia Benedikto alifanya vizuri, mtu hawezi kuapa asichokijua. Kuna waliomwita mwoga, tena wengine ni wateja wake, waliokuja kuulizia mama zao na baba zao na kuonyeshwa picha ndogo zisizosema. Yeye bado anapiga video za misiba. Milango yote sasa ameiandika, na kila mwezi anairudisha bakapu kwenye kompyuta nyingine aone inaleta nini.

Mara moja alikutana na Demetria sokoni Rangi Tatu. Aliitikia salamu. Halafu akasema, "Kupoteza nimekusamehe, vitu vinapoteaga. Lakini ungesema tu ni yake. Na kama hukuweza, ungeniambia kabla." Akalipia nyanya zake akaenda.

Wewe je, ungekuwa umesimama pale, kalamu ya mwenyekiti inakusubiri na yule mama anakutazama vile, ungesema umesikia nini?