Mfereji Niliouzibua Welisi

Mimi si mtu wa kukaa kitako. Mke wangu husema siku nikifa nitainuka kaburini kuangalia kama limechimbwa sawa. Kwa hiyo mtu asishangae nikisema kwamba siku ya nne tangu nifike Welisi, kule Uingereza, kwa binti yangu, nilikuwa nishaizunguka nyumba yake mara zisizo hesabu, nishakaza bawaba za mlango wa banda, nishazipanga kuni upya, na lililonipeleka kule sijalitamka.

Lililonipeleka lilikuwa mfukoni. Ilikuwa barua ya kazi, kutoka ofisi moja ya serikali hapa kwetu Nizwa, Omani, yenye jina la binti yangu. Alikwenda kule kusoma mambo ya misitu, akamaliza, akatuambia anabaki mwaka mmoja kupata uzoefu. Mwaka ukawa mitatu. Mimi niliyekwisha kustaafu nikaanza kuzunguka kwa wenzangu wa zamani, nikanywa kahawa zao, nikamsemea, mpaka barua ikatoka. Yeye hana habari. Jibu lilitakiwa Jumapili, na mimi, kwa kinywa kipana, nilikuwa nishawaambia kwamba atakubali.

Nyumba yake ni ya mawe, ndogo, imebanana na msitu. Ni msitu wa mialoni, miti isiyo mirefu, imepindapinda, na kila tawi limevaa ukoga wa kijani. Mawe nayo yamevaa, hata nguzo za ua. Chini ya miti majani ya kangaga ya mwaka jana yamelala, yamegeuka rangi ya kutu. Ng'ambo ya ukuta ni malisho ya kondoo, kilima juu ya kilima, kijani mpaka macho yanachoka. Ilikuwa mwezi wa Machi, baridi inauma masikio, na mvua ya kule hainyeshi hasa wala haiachi. Mwingine angesema pazuri. Mimi palinibana. Nizwa mtu ukipanda juu ya ngome unaona mji umeanzia wapi na umeishia wapi. Mle msituni nilikuwa siioni hata nyumba niliyotoka hatua hamsini nyuma. Na maji kila mahali, yanatiririka njiani, yanapita chini ya lango, na hapana mtu anayeuliza yanakwenda wapi.

Hilo la maji ndilo lililoninyima raha zaidi. Nilizaliwa Unguja, lakini nililetwa Nizwa nikiwa na miaka tisa, na kabla hata Kiarabu changu hakijanyooka, ami yangu alinifundisha falaj, mfereji unaoleta maji kutoka chini ya milima mpaka mashambani. Kila shamba lina zamu yake. Ikifika saa yako unaondoa jiwe na matambara yaliyoziba njia, maji yanaingia kwako. Saa ikiisha unaziba, yanakwenda kwa jirani. Na ukipita ukaona majani yamekwama mferejini, hata kama si zamu yako, unainama unayatoa. Huulizi mtu. Asiyeinama anasemwa mji mzima. Watoto wenzangu walinicheka kwa lugha, kwa kofia, kwa namna ya kula wali, lakini kwenye falaj hawakunicheka, kwa sababu wa kwanza kuinama nilikuwa mimi.

Asubuhi ile mke wangu alinipigia simu. Magoti yalimkatalia safari, ulimi haukumkatalia.

"Ushamwambia?"

"Bado."

"Sasa wangoja nini? Leo Alkhamisi."

"Nangoja atulie. Anatoka alfajiri, anarudi yu hoi, kajaa tope mpaka nyusini."

"Basi mwambie na tope lake hivyo hivyo. Mie ghorofa ya juu nishaitia rangi."

Binti yangu alikuwa anakwenda mjini kwenye mkutano wa kazi. Aliniambia supu iko kwenye friji na yeye atarudi saa nane, nipumzike. Kupumzika ndiko nisikokuweza. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Mimi hakuna aliyenipa, nilijichukulia sepetu bandani, nikavaa mabuti ya mpira, nikaingia msituni.

Sikwenda mbali nikaukuta mfereji. Mfereji hasa, uliochimbwa kwa mikono ya watu, umenyooka kufuata mteremko. Lakini ulikuwa umezibwa na magogo, matawi, udongo na majani yaliyooza, na nyuma ya kizibo hicho maji yamesimama, meusi, yametanda baina ya miti kama ukumbi mzima. Nilimwonea huruma mwanangu. Nikasema masikini, watu wa hapa hawana hata mmoja wa kuinama.

Nikapiga bismillahi, nikaanza. Nilifanya kazi muda wa saa mbili, mgongo unalia, jasho linanitoka ndani ya koti la mvua. Gogo la mwisho lilipoachia, maji yaliondoka kwa kishindo, yakashuka mferejini yakikimbia, na mimi nikacheka peke yangu. Tangu nifike, ndiyo mara ya kwanza kufurahi. Nikatawadha pale pale, nikaswali adhuhuri juu ya koti, nikakaa nikisikiliza maji.

Binti yangu alinikuta hapo. Alikuwa bado na viatu vyake vya mjini. Alitazama mfereji, akatazama mahali palipokuwa na maji, kisha akaingia kwenye tope mbio, hakuvikumbuka viatu. Tope lilikuwa limebaki wazi, na juu yake mabonge na mabonge ya utelezi, yenye vidoa vyeusi ndani, maelfu. Yalikuwa mayai ya vyura.

"Baba, nani kafungua?"

"Mimi. Nimekusafishia. Ulikuwa umeziba kabisa."

"La, baba. Haikuziba. Mimi nimeiziba. Miaka miwili naiziba hii."

Sauti yake ilikuwa ya chini, na mimi ningependa zaidi angenikemea. Akanieleza, huku amepiga magoti. Mifereji ile waliichimba watu wa zamani ili kuukausha msitu.

"Hapa tunataka maji ikae, yaani iende polepole," alisema kwa Kiswahili chake cha kuokoteza nyumbani. "Ikienda mbio, huko chini inaingia nyumba za watu, na huku juu kila kitu inakauka. Hii ndiyo kazi yangu, baba. Hii hasa."

Niliona haya, na mimi nikiona haya hukasirika, ndiyo tabia yangu mbaya. Nikamwambia sikumsomesha mtoto ili aje kuziba tope la watu. Nikamwambia mama yake anapanda ngazi kwa magoti yale kwenda kumpakia rangi chumba. Kisha nikaitoa barua, imelowa pembeni, nikamnyooshea. Hivyo ndivyo nilivyomwambia. Siku nne nilizotafuta maneno mazuri zilikwenda bure.

Aliisoma yote, vidole vimejaa tope.

"Wanataka jibu lini?"

"Jumapili. Nishawaambia utakubali."

"Umewaambia wewe."

"Nimewaambia mimi, baba yako."

Akaikunja, akaitia mfukoni mwake. "Nitawajibu mwenyewe," alisema. "Sasa lete ndoo, baba, tafadhali. Kwanza hawa."

Nilileta ndoo mbili. Tulichota yale mayai kwa viganja, taratibu, kwa sababu yanateleza na ukiyabana yanaachana. Mikono ilikufa ganzi. Yalipokwisha tukarudi kwenye mfereji, naye akaanza kuyavuta magogo na kuyapanga juu juu, na maji yakawa yanapenya chini yake. Nilivumilia kidogo, kisha nikashindwa. Nikamwambia asogee. Nikamwonesha unavyoanza chini kabisa, jiwe pana kwanza, halafu udongo mzito uliokandwa na majani, ukanyage kwa kisigino, halafu jiwe jengine, kama ami alivyonifundisha kwa yale matambara. Alitazama mara moja akashika.

"Hivi ndivyo mnafanya kwenye falaj?"

"Ndivyo tulivyokuwa tukifanya."

Sikukosea kusema tulivyokuwa. Siku hizi shambani kwetu tunao wafanyakazi wa kusafisha; mimi mwenyewe nina miaka sijainama. Yeye nilimlea kwenye gari la kiyoyozi, kutoka mlango wa nyumba mpaka mlango wa skuli, na falaj ya mji wake aliiona dirishani. Nilikuwa nimesafiri mpaka Welisi ili mtoto wangu anione ninavyoziba maji. Nilimwonea uchungu, nikajionea na mimi, na pia, nisifiche, niliona fahari, maana kisigino chake kilikuwa kinakanyaga barabara.

Maji yakaanza kupanda tena, polepole sana. Tukarudisha mayai. Binti yangu alisema mengi yatapona.

Hapo ndipo nilipomuuliza, kwa upole safari hii, bila ya kumtaja mama yake wala rangi. "Basi huji, mwanangu?"

Hakuacha kukanyaga udongo. "Nitarudi, baba, wallahi nitarudi. Lakini si sasa. Mwakani, inshallah."

Nilimtazama usoni. Hakuwa ananidanganya, alikuwa anaamini kila neno. Nikamjibu inshallah, nikampa jiwe. Baba yangu, Mungu amrehemu, alitukalisha kila sikukuu akatuambia mwakani tunakwenda zetu Unguja, na yeye pia hakuwa mwongo. Alituambia hivyo miaka ishirini na miwili, na tukamzika Nizwa.