Jina la Kanji kwenye Lori la Muhidini

Muhidini Mwinjuma alikuwa mwoga, na silisemi hilo kwa kumtukana. Mtu aliyekata mikoko miaka yote ile huko delta, matope kifuani na mamba jirani, huwezi kumwita mwoga wa kazi. Uoga wake ulianza siku alipopata mali.

Mali yenyewe ilikuwa lori, Bedford kuukuu lililorudi kutoka vitani, alilolinunua kwa boriti zake na dhahabu ya mkewe, Mwanawetu. Lori akalipata, ruhusa hakuipata. Enzi zile za Mwingereza, kubeba mizigo ya watu kwa malipo kulitaka leseni, na leseni hizo watu wa aina ya Muhidini walizisikia tu.

Kibiti palikuwa na Kanji Popat, mwenye duka. Yeye leseni alikuwa nayo, ila lori lake lilikuwa limekufa. Wakapatana palepale dukani, mbele ya Mwanawetu na Gangaben, mama yake Kanji. Lori liandikwe jina la Kanji, kwenye kadi na mlangoni. Kanji atafute mizigo na achukue fungu lake. Muhidini aendeshe, atengeneze, abebe lawama za njiani, na mzigo asioutaka aukatae. Lori libaki lake. Karatasi ya mapatano ya nini? Kule delta chombo ni cha aliyekichonga, hata akimwazima mwenziwe msimu mzima, na kijiji kizima ni shahidi. Muhidini akadhani serikali nayo huuliza kijiji.

Lakini usingizi ulimpaa. Kila alipoliosha lori, mlango ule aliusugua huku ameangalia pembeni.

"Mume wangu," Mwanawetu alimcheka, "jina si mmeliandika kwa hiari yenu?"

"Ndilo linalonitisha hilo."

Basi siku moja mchana, akitoka Dar es Salaam na sukari na mafuta ya taa ya Kanji, akakuta gogo limelazwa barabarani pale Bungu. Kando yake amesimama Mzungu wa leseni na askari mmoja. Kumbe umbea ulikwisha kumfikia kwamba leseni zinaazimwa, na adhabu yake kila dereva aliijua: mwenye leseni jela, mwenye gari jela, gari lenyewe linakuwa la serikali.

"Lori hili la nani?"

Tazama mtego huo! Akisema langu, amejifunga na kumfunga Kanji. Akisema la Kanji, amelikana kwa kinywa chake, tena mbele ya serikali. Heri nusu shari kuliko shari kamili.

"La Kanji Popat, bwana mkubwa. Mimi dereva tu."

Mzungu hakuridhika. Akamwamuru askari apande, waende Kibiti wakamuulize mwenyewe Kanji.

Njia ile Muhidini aliijua shimo kwa shimo, lakini siku hiyo aliyaingia yote. Taabu ni kwamba Kanji hakuwa mwongo. Akiulizwa ghafla atasema kweli, na kweli hiyo itawapeleka wote wawili jela.

"Mbona jasho, dereva?" askari akauliza.

"Joto la injini, afande."

Moyoni alikuwa akimwomba Mungu amtie Kanji uongo mdomoni. Mtu wa swala tano huyo! Hofu haina adabu.

Walipofika, Gangaben alikuwa barazani anachagua mchele. Akapaza sauti kama alivyozoea siku zote: "Kanji! Lori ya Muhidini imefika!"

Askari aligeuka polepole, akauliza, "Lori la nani, mama?"

Kanji alikwisha kutoka. Aliona sare kwanza, uso ukamparama. Msimwite mwizi, naye ana watoto, naye jela anaiogopa. Akacheka kicheko kikavu. "Mama mzee huyu. Anaita gari kwa jina ya dereva. Gari yangu hii, bwana askari."

Gangaben akafungua kinywa. Kanji akamwambia maneno machache ya Kigujarati, mama akauinamia mchele wake.

"Kama ni lako," askari akasema, "ufunguo unakaaje kwa dereva? Gari la tajiri hulala kwa tajiri. Mimi nitapita hapa kila siku nione."

Kanji akanyoosha mkono. Muhidini akautoa ufunguo mfukoni. Neno moja tu lilitosha kuuzuia mkono ule. Muhidini aliziona pingu kiunoni mwa askari, akauachia.

Kanji akaenda kuutundika kwenye msumari ndani ya duka, wala hakumwangalia mwenzake usoni. Askari akaketi barazani, akaagiza chai.

Alasiri ilikuwa imeingia. Mkeka wa kuswalia wa Muhidini ulikuwa bado nyuma ya kiti cha lori. Akaushika mpini wa mlango, kisha akauacha, akarudi hadi mbele ya duka.

"Tajiri," akasema, na tangu wajuane hakuwahi kumwita Kanji hivyo, "naomba ruhusa nichukue mkeka wangu ndani ya gari lako."

"Chukua," akasema Kanji.