Nilivyomzuia mama mkwe kuchoma rundo la majani, na aliyekuwa amelala ndani yake

Wakuu, hamjambo humu ndani.

Mimi huwa msomaji tu, nacheka na kupita. Leo naweka langu, na kabla hamjaniuliza kikombe kiko wapi, hii siyo chai. Mke wangu ni shahidi, na mama mkwe yuko hai, siwezi kumsingizia.

Naishi Michenga, huku Kilombero. Mpunga nalima bondeni, ila nyuma ya nyumba nina bustani ya mchicha, bamia na nyanya chungu. Kwa mchicha sina mpinzani mtaani kwetu, nasema bila aibu.

Sasa huku uwanja mchafu ni aibu ya mwanamke. Kukipambazuka unasikia mafagio kila nyumba, majani yanakusanywa, yanapigwa kiberiti. Ndivyo nilivyolelewa.

Mwaka juzi, kipupwe kimeanza, nilichoma rundo lililokaa wiki kadhaa chini ya mfenesi. Moto ulipozima nikaja na reki kusawazisha majivu.

Nikamkuta kalunguyeye.

Kwa wasiomjua, ni mnyama mdogo wa miiba, anaenea kwenye viganja viwili, akishtuka anajikunja duara. Huyu alikuwa amejikunja hivyo hivyo. Hakukimbia kwa sababu alikuwa usingizini. Kipindi cha baridi na ukame, chakula kikiadimika, hulala siku nyingi akisubiri mvua.

Niliumia, wakuu. Nilizoea kumwona jioni kwenye matuta akitafuna konokono na viwavi, na sikuwahi kumhesabu kama msaidizi. Mvua ziliponyesha, konokono walinimalizia mchicha wote. Usilolijua ni kama usiku wa giza.

Mwaka jana nikajipanga mapema. Nikatanguliza vijiti ili chini pabaki uwazi, juu nikarundika majani ya mfenesi na ya migomba yaliyokauka. Kando nikaweka kigae cha chungu chenye maji, vyura na ndege nao wapate chochote kiangazi kikikaza.

Jioni moja nikaona kalunguyeye mwingine anaingia na jani mdomoni. Nilifurahi mpaka nikamwita mke wangu aje aone.

Yeye hakufurahi.

"Baba Neema, mama anakuja baada ya mavuno. Akiliona hilo rundo atasema nimeshindwa nyumba."

"Mwache aje. Nitamweleza mwenyewe."

Nilijibu kwa kifua kabisa. Mama akaja kutoka Mahenge, na siku tatu nzima sikumweleza kitu. Mtu mzima, ndevu zina mvi, namwogopa mkwe.

Asubuhi ya nne natoka kupiga mswaki, namwona mama kajifunga khanga, fagio kwapani, mkononi kijinga cha moto alichokitoa mafigani. Anaelekea kwenye rundo. Alikuwa anamfutia binti yake aibu kabla majirani hawajaamka vizuri.

Wenye wakwe mnanielewa. Mkwe hakatazwi. Humshiki mkono, humpigii kelele, humnyang'anyi kitu. Na kule ndani kuna mtu amelala.

Nikakaza mwendo, nikamtangulia, nikakaa chini, rundo likiwa mgongoni kwangu. Povu la mswaki bado liko mdomoni.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Baba Neema, unaumwa?"

"Hapana mama."

"Basi sogea, nichome huu uchafu."

"Nimekaa kidogo, mama."

Akasimama. Nikakaa. Mkwe hakatazwi, lakini mkwe naye hamchomi mkwe mwenzake. Kijinga kikafuka moshi, kikafuka, mwisho kikazima.

Hapo ndipo nikamweleza yote, macho yangu chini. Nikamwambia, "Wa kwanza nilimchoma mwenyewe, mama. Alikuwa amelala."

Akarudi jikoni, nikamsikia akimwambia mke wangu, "Mumeo kaninyima moto." Nikajua hilo litafika ukoo mzima. Mke wangu siku hiyo alinipa chai bila kunitazama.

Kesho yake niliamka nikakuta uwanja umefagiwa unang'aa. Alama za fagio zilikuja mpaka kwenye rundo, zikalizunguka, zikaendelea upande wa pili. Hakuna jani lililoguswa, na kigae kimejazwa maji.

Mke wangu alisimama mlangoni akiangalia. "Mama kaliacha," akasema, na nikaona wasiwasi umemtoka.

Mvua za kwanza zilipoanguka simu ikaita. Mama.

"Mkwe, mgeni wako kaamka?"

"Kaamka mama. Jana jioni alikuwa kwenye mchicha."

"Haya. Mimi hapa kwangu nina marundo mawili. Majirani wanasema nimezeeka."

Wakuu, nilicheka huku machozi yananitoka.

Nilichojifunza: usafi ni mzuri, lakini kona moja ya bustani ikibaki chafu haimshushi mtu heshima. Na ukiwa na neno la kumwambia mkwe, mwambie siku ya kwanza, usisubiri aje na moto.

Wenzangu wa Kiberege, Sanje na kwingine, kwenu kalunguyeye bado wapo? Na wewe uliyeshika kiberiti wikiendi hii, fukua rundo taratibu kwanza, halafu njoo utuambie umemkuta nani.