Fundi Lokiru na Kompyuta Iliyobarikiwa Kakuma

Saa mbili asubuhi, Julai ya mwaka 1998. Jua la Kakuma limekwisha kuyashika mabati ya ofisi ndogo ya baraza, na Lokiru Akoru amepiga magoti mbele ya kompyuta kama tabibu mbele ya mgonjwa asiyesema panapomuuma. Anaiwasha. Mashine inalia mfululizo, kisha inagoma.

"Imekataa tena?" anauliza mzee Lokeno, diwani mstaafu, akiwa mlangoni.

"Bado inafikiri, baba."

Lokiru, mwenye umri wa miaka thelathini na minne, ndiye mtunzaji wa kompyuta zote za baraza, kuanzia makao makuu Lodwar hadi hapa, mwendo wa zaidi ya kilomita mia moja. Ufundi aliuanzia kwenye redio za misheni ya Nariokotome, kisha akasomea kompyuta Kitale. Vumbi hulipuliza kwa pampu ya baiskeli. Joto la adhuhuri likizidi, huzima kila kitu na kungoja.

Leo hana nafasi ya kungoja. Ni yeye aliyewasihi wakubwa wa Lodwar mashine hii iletwe, ili wachuuzi wa Kakuma wapate leseni papa hapa. Wakubwa wamemwambia waziwazi: isipofanya kazi leo, itarudishwa Lodwar kwa gari la jioni.

Anaifungua kibodi. Kati ya vitufe mna kitu cha kijani kilichokauka. Anakinusa, kicheko kinamtoka.

"Mzee, mlichinja mbuzi humu?"

Lokeno anajikohoza. "Nje. Humu tulipaka tu. Ng'ombe mgeni tunapaka majani ya tumbo la mbuzi, apate afya. Hii mashine ni mgeni pia. Tungeiacha hivi hivi?"

"Mkapaka wapi?"

"Pale vidole inagusa. Si ndiyo kifua yake?"

Nyachuol, muuza vitenge kutoka kambi ya wakimbizi aliyekuja kutafuta leseni, anacheka hadi anaushika ukuta. "Fundi, kumbe imeshiba!"

Lokiru hakemei. Siku alipoajiriwa, anasimulia, babake naye alimpaka vivyo hivyo kifuani, "na kazi ninayo mpaka leo." Anavibandua vitufe kimoja kimoja, anaviosha karaini na kuvianika juani juu ya shati lake. Utando wa ndani anausugua taratibu kwa spiriti, midomo ikitikisika kwa sala.

Anaunganisha. Anawasha. Mashine inalia mara moja tu, kisha maandishi yanajipanga kwenye skrini.

"Ejok! Vyema!" anapaza sauti Lokeno.

Printa inakwaruza leseni ya Nyachuol, naye anaipokea kwa mikono miwili. Lokiru anaiendea redio ya mawasiliano na kuita Lodwar: "Gari lirudi tupu. Mashine inabaki Kakuma."

"Sasa tukileta ingine, tubariki wapi?" mzee anauliza.

"Meza, baba. Meza haina vitufe."

Akivaa shati lake, fundi anaitaja Namoruputh, karibu na mpaka wa Uganda, ambako umeme haujafika. Anataka kuwaomba wakubwa paneli ya jua, betri mbili na kompyuta moja kuukuu aliyoifufua mwenyewe, ili huko nako leseni zitolewe papo hapo.

"Mfugaji wa kule hulala njiani kwa sababu ya muhuri mmoja," anasema. "Nataka aende ofisini asubuhi, na awe amerudi kwake kabla mbuzi hawajakamwa jioni."