Kamba Mkononi mwa Meneja

Ukitaka kujua ile ofisi ya Embu ilinigharimu nini, mwanangu, nitakuhesabia, kisha nihesabu tena kama ilivyo desturi yangu. Gego moja la upande wa kushoto. Viatu vya ngozi, jozi moja, vilivyoisha soli nikizunguka uwanja wa kampuni ili nisirudi kwenye meza yangu. Na usingizi wa Jumapili usiku, ambao haupimwi kwa kilo lakini ulikuwa mwingi. Nimehesabu mara ya pili na jibu ni lile lile. Wapo waliotoka ofisi kama ile wakiwa wamelipa zaidi, kwa hivyo mimi husema nilipewa bei ya rafiki.

Nilikuwa kijana wa miaka ishirini na kitu, karani katika kampuni iliyonunua makadamia kwa wakulima. Nilikuwa nimepanga chumba kule Dallas, mtaa wa pale pale Embu, na mke wangu Kagendo alikuwa na mimba yetu ya kwanza. Kazi yenyewe haikuwa mbaya: pima, andika, lipa, pima tena. Ubaya wake ulikuwa na jina, na jina hilo lilikuwa Bwana Ireri, meneja.

Pale ofisini Mmeru nilikuwa peke yangu kati ya Waembu. Unajua tunavyosemwa, kwamba hasira zetu tunatembea nazo kama kiberiti mfukoni. Mwanzoni utani huo ulikuwa chumvi ya chai ya saa nne. Mimi nawaambia wao ni wapole mpaka wanaibiwa wakiangalia, wao wananiambia nisogee mbali na petroli, tunacheka, tunarudi kazini. Kisha Ireri akaacha kunyunyiza chumvi, akaanza kumwaga gunia.

Wakulima wakija kuulizia malipo yao, yeye alisimama mlangoni na kusema, "Muulizeni huyo Mmeru. Lakini msimame mbali kidogo, anauma."

Wakulima walicheka. Sikuwalaumu. Mtu anayengoja haki yake hucheka kila kichekesho cha mwenye ufunguo.

Baadaye meza yangu ikahamishwa hadi mlangoni pa stoo, mahali vumbi la maganda linapita likienda nje. Wiki iliyofuata kiti changu kikaazimwa na mgeni, mgeni akaenda zake, kiti hakikurudi. Nilifanya hesabu za kampuni nikiwa nimekalia gunia. Hesabu nikizileta sahihi, Ireri alizitazama kwa muda, akasema, "Hata saa iliyokufa hupatia mara mbili kwa siku." Bandu bandu huisha gogo, mwanangu, na gogo lilikuwa mimi.

Ikafika mahali nikisikia kengele ya kanisa la jioni ya Jumapili tumbo linajifunga. Kagendo akaona sahani imerudi na chakula.

"Unaumwa?"

"Ni kazi tu."

"Kazi haiumi tumbo."

"Hii inauma."

Hakuuliza tena, lakini alianza kuhesabu nguo za mtoto na kuzirudisha sandukuni, akihesabu na kurudisha. Nilijua anachohesabu si nguo.

Basi nikaamua. Nitaandika barua ya kuacha kazi, nitamwekea mezani, na kabla sijatoka nitaipindua ile meza. Maneno ya kumwambia niliyaandaa kwa Kimeru, kwa sababu ya Kiswahili niliona hayatoshi. Nilikuwa nikiyafanyia mazoezi barabarani nikienda kazini, hata mama wa kibanda cha mayai akaacha kunisalimia.

Lakini kwetu mtu haachi kazi kama anayesahau kofia hotelini. Aliyekushika mkono ukaingia ndiye unayemwambia unapotoka. Mimi aliyenishika mkono ni Shangazi Karwitha, dada wa baba. Karo yangu ya chuo ilitoka kwenye mbuzi wake, na alimjua mtu aliyemjua mtu pale kampuni. Jumamosi nikapanda kwenda Meru, barua nimeikunja mfukoni.

Nilimkuta mtaa wa Majengo, mbele ya bucha. Shangazi alikuwa akinunua mbuzi kule chini kwenye joto na kuwapandisha mjini kuwauzia wachinjaji. Siku hiyo alikuwa amemshika beberu mmoja kwa sikio, akitazamana na mchinjaji mmoja mzee aitwaye Salim. Nilimsalimu, "Muga, Shangazi." Akaniinulia kidole kimoja, maana yake ningoje.

"Karwitha," Salim alisema, "huyu si mbuzi, ni mifupa na ndevu."

"Basi lipia mifupa. Ndevu nakupa bure."

"Anakohoa."

"Anakucheka."

"Meno yake yameisha."

"Salim, unataka kumchinja au unamtafutia binti yako mume?"

Wazee waliokuwa wameketi kwenye benchi la bucha walicheka mpaka mmoja akamwaga kahawa. Salim akageuza mgongo, akaenda zake. Shangazi hakumwita. Alianza kumtoa beberu kupe shingoni, polepole, kama mtu aliye na mwezi mzima. Salim akafika kwenye kona, akarudi. Walishikana mikono kwa bei ambayo Shangazi alikuwa ameitaja mwanzoni, ikiwa imepungua kidogo tu ili kumpa mzee njia ya kurudi nyumbani na heshima yake.

Tulipoketi kunywa chai, nilimweleza yote. Gunia, vumbi, saa iliyokufa, meza nitakayoipindua. Nilimwonyesha barua. Hakuisoma. Aliiweka chini ya kikombe chake ili isipeperuke.

"Umemsikia Salim akimtukana mbuzi wangu?"

"Nimemsikia."

"Umeona nikikasirika?"

"La."

"Nilikuwa namtazama mkono. Alikuja na kamba. Mtu asiyetaka mbuzi hatembei na kamba, na asiyetaka kununua hapotezi asubuhi yake kuhesabu meno. Sasa wewe niambie. Huyo meneja wako, kwa nini anapoteza asubuhi zake kwako?"

Nilisema labda ananichukia.

"Kuchukia ni bure, angekuchukia akiwa amekaa kwenye kiti chake. Huyu anafanya kazi. Anataka kitu, na anataka akipate kwa bei ya mifupa na ndevu." Akanywa chai. "Akikufuta leo, anakulipa?"

Hapo nikapiga hesabu. Mimi ndiye niliyekuwa nikiandika hizo hesabu. Akinifuta, kampuni ingelazimika kunilipa notisi na kiinua mgongo cha miaka yote niliyofanya. Nikiondoka mwenyewe kwa hasira, na hasa nikipindua meza, ningetoka na shati langu. Na kampuni ilikuwa ikipunguza watu. Kila mtu alijua, hakuna aliyesema.

"Kijana wa kaka yangu," Shangazi akasema, na sauti yake haikuwa ya utani tena, "hasira ya Mmeru ni mali. Na wewe unataka kuipeleka Embu uigawe bure. Ukitoka pale, unaenda wapi?"

"Popote."

"Popote hakuna soko."

Maneno hayo mawili matatu yaliniuma kuliko yote ya Ireri, maana Ireri alinitukana na hakunijua, na huyu alinijua. Akaniambia nirudi kazini Jumatatu, nikalie gunia langu, niangalie mkono wa meneja. Na Jumamosi zote nisilale Dallas nikihesabu paa. Nishuke Mitunguu kwa mnunuzi mmoja wa ndizi aliyekuwa mteja wake, nijifunze kununua mkungu ungali shambani.

Nikafanya hivyo. Jumamosi nilikuwa kwenye mashamba ya Mitunguu, kwenye mifereji, nikifundishwa kutazama vidole vya mkungu na kusema bei kabla mkulima hajasema yake. Nilikosea sana. Lakini jioni ya Jumapili niligundua nafikiria ndizi, na tumbo limesahau kujifunga. Usidhani kazi ilikuwa imepoa. Kule ofisini moto uliongezwa kuni. Ireri alipoona simo kwenye hasira alizozitarajia, akaongeza. Njagi, karani mwenzangu, akakatazwa kunywa chai nami. Nilikuwa nikirudi nyumbani nimekaza taya mpaka sikio linauma, na Kagendo ananitazama tu, tumbo lake limeshakuwa kubwa.

Siku yenyewe ilikuwa siku ya kulipa wakulima. Ukumbi ulijaa. Ireri aliniita mbele ya wote, akaniambia nisimame, akatoa karatasi moja na kalamu.

"Nimekurahisishia," akasema. "Kila mtu anajua huna furaha hapa. Hata mkeo nadhani anajua, ndiyo maana umekonda. Weka sahihi, uende nyumbani ukapumzike."

Ilikuwa barua ya kuacha kazi. Imechapwa vizuri, jina langu juu, shukrani kwa kampuni katikati, na nafasi ya sahihi chini. Niliiangalia, mwanangu, na sikuona barua. Niliona kamba.

Kumtaja Kagendo mbele ya watu ndiko kulikokuwa fundo la mwisho. Damu ilinipanda. Meza ilikuwa karibu, nyepesi, na maneno yale ya Kimeru yalikuwa yamejipanga ulimini kama wanafunzi wanaongoja kengele. Ukumbi wote ulikuwa ukingoja Mmeru awake. Nilikaza meno mpaka nikasikia kitu kinapasuka nyuma ya shavu, kisha ladha ya damu. Nikaimeza.

"Barua ni nzuri, Bwana Ireri," nikasema, polepole. "Lakini mimi sijasema nataka kuondoka. Kama ni wewe unayetaka niondoke, andika yako. Useme ni kwa nini, na useme kampuni itanipa nini. Nitaisoma vizuri."

Akanitazama. "Wewe Mmeru wa aina gani? Huna hata hasira?"

"Ninayo. Nimeiacha Meru, huku kodi iko juu."

Mtu mmoja katikati ya wakulima alikohoa, halafu mwingine, kisha ukumbi wote ukacheka, na mara hii hawakuwa wakicheka kwa ajili ya ufunguo. Ireri akaikunja karatasi yake. Nilirudi kwenye gunia langu, nikaendelea kulipa watu. Nilikosea hesabu mara moja, nikairudia.

Usifikiri iliishia hapo kama hadithi ya watoto. Zilifuata wiki ambazo sikujua kama kesho nitaitwa mwizi au mlevi, kwa maana mnunuzi aliyekosa kupunguza bei huanza kusema mbuzi ni wa wizi. Niliacha hata kushika kalamu ya kampuni nikienda chooni. Mwisho wa mwezi uliofuata barua ikaja, safari hii sahihi ikiwa ya kwake: kazi zimepungua, notisi ni hii, kiinua mgongo ni hiki. Pesa nilizihesabu mara mbili, na mara zote mbili zilikuwa kidogo. Lakini zilikuwa zangu. Kagendo alijifungua tukiwa na kitu mkononi, na kilichobaki kilinunua shehena yangu ya kwanza ya ndizi. Nusu yake iliiva njiani kwa sababu niliipakia vibaya. Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Nililia kidogo, nikashuka tena Mitunguu.

Sasa sikiza. Sikuambii ukae mahali panapokuua. Palipo na mkono wa kukupiga, au wa kukushika usipotaka, au unapoambiwa uibe, ondoka hata bila viatu, utahesabu ukiwa nje. Lakini kama ni dharau tu, na kuchoka, na siku zinazofanana kama maganda, usiondoke kwa ajili ya kumwonyesha mtu. Huyo mtu atasahau kabla ya chakula cha mchana. Mwambie aliyekushika mkono ukaingia, kabla hujasema na adui. Jiulize anayekusukuma anapata nini ukianguka. Na ungali na mshahara, hata ukiwa mwembamba, tumia Jumamosi zako kujifunza njia ya pili, uitembee mpaka miguu yako iijue. Usiache mbachao kwa msala upitao. Lakini hakuna aliyekukataza kusuka mwingine jioni.

Murungu, Mungu wetu, akulinde ulimi siku utakapouhitaji zaidi. Akupe watu wa kukuambia ukweli wakinywa chai nawe. Jioni ya Jumapili ikukute unakula, na asubuhi ya Jumatatu ikukute umelala vizuri.

Nimemaliza deni langu la maneno kwako uliyekuja kuniuliza kama uache kazi, na sasa wewe nisaidie. Kitinda mimba wangu, Mutwiri, yuko ofisini Meru mjini. Kiti chake kinazunguka. Bosi wake ni mtu mwema, humwachia aende mapema nikiugua. Mshahara nimeuhesabu, hauna kasoro. Lakini juzi aliketi nami, akatazama mikono yake, akasema, "Baba, kila siku nikifika pale najiona kama sipo." Nikamuuliza nani anamsumbua. Akasema hakuna. Nikamuuliza anataka nini kingine. Akasema hajui.

Mimi najua kushindana na mtu anayenipunguzia bei. Pale ambapo hakuna mtu, sijawahi kununua wala kuuza. Nilimkatia ndizi, akala akaenda. Wewe na yeye mko rika moja, na huenda nawe umewahi kukaa kwenye kiti kama hicho. Jumamosi anakuja tena. Niambie, mwanangu: nimwambie nini?